Damu Haina Fungu Lake: Kisa cha Baharia, Kizazi na Fidia ya Ulemavu

Mhusika

Nitamwita R. Jina, meli, bandari na jimbo nimeviondoa, na miezi michache nimeisogeza bila kuvuruga mfuatano. Mwenyewe ameyasoma maandishi haya akaniruhusu niyatoe, kwa sharti kwamba nisitaje wilaya aliyotoka. Basi niseme tu kwamba ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, aliingia Marekani kwa bahati nasibu ya grini kadi, akajiunga na jeshi la majini mwaka 2013 akiwa na miaka 23. Alipangiwa kitengo cha ugavi. Alitumikia miaka mitano, akatoka kwa heshima katikati ya 2018.

Mimi ni mwakilishi aliyeidhinishwa, nasaidia wanajeshi wa zamani kuandaa madai yao katika VA, idara ya Marekani inayowahudumia. Siwatozi kitu. Natanguliza hilo kwa sababu R. alipokuja kwangu alikuwa ameshaombwa asilimia 20 ya malimbikizo na mtu wa kundi la WhatsApp asiye na kibali chochote. Sheria hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Baada ya uamuzi wa kwanza, wanaoruhusiwa kutoza ni mawakili na mawakala wenye kibali peke yao.

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya dada zetu waliovaa magwanda ya Marekani, na kwa wanaowajazia fomu. Kosa lililomwangusha R. mara ya kwanza naliona kila mwezi, na wanaolifanya si wavivu. Ni watu waliosoma sana, ila wamesoma vitu visivyopangwa.

Yaliyotokea melini

Alipoingia jeshini alipimwa kila kitu. Kwenye fomu ya historia ya afya alijibu "hapana" penye swali la matatizo ya hedhi, na daktari hakuandika kasoro yoyote ya uzazi. Kipimo cha damu kilionyesha kuwa ni AS, yaani anabeba kinasaba kimoja cha selimundu. Kwa watu wa kwao hilo si jambo la kushangaza. Mama yake alicheka kwenye simu: "Hata mimi, mwanangu, na babu yako pia."

Mwaka 2016 meli yake ilikwenda Ghuba kwa miezi saba. Huko ndiko hedhi ilipobadilika. Siku nne zikawa tisa, kisha kumi na moja. Alivaa pedi mbili kwa pamoja na bado alifunga sweta kiunoni, kwa sababu suruali za kazi hazifichi kitu na foleni ya choo haijali cheo. Kazi ya ugavi melini ni kupandisha na kushusha maboksi kwenye ngazi za chuma zilizosimama karibu wima. Mwezi wa pili alikuwa akisimama katikati ya ngazi, ameegemeza paji la uso kwenye chuma, akingoja moyo utulie.

Halafu likaja la barafu. Alianza kutafuna barafu kutoka kwenye mashine ya chumba cha kulia, kikombe baada ya kikombe, usiku na mchana. Mwenzake wa kitanda cha juu alilalamika hapati usingizi kwa ule mlio wa meno. R. mwenyewe aliona ni joto la Ghuba tu. Aliporudi nchi kavu hamu ikahamia kwenye udongo, ule wanaouita pemba Tanzania na odowa Kenya, akawa anaununua duka la Waafrika kwa mifuko. Mkunga yeyote wa kwetu angemwambia papo hapo damu yake imekwisha. Hamu ya udongo au barafu ni dalili inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma mwilini.

Alikwenda zahanati ya meli mara tatu. Mara ya tatu walimpima, damu ikasoma 8.9. Akapewa vidonge vya kuongeza damu na ED, yaani ruhusa ya kupumzika kazini, ya siku mbili. Kwenye karatasi mhudumu aliandika maneno machache: hedhi nzito, uchovu, apimwe zaidi akirudi bandarini. Miaka saba baadaye maneno hayo ndiyo yaliyobeba dai lote.

Mwaka 2017, nchi kavu, kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha faibroidi tatu, uvimbe usio wa saratani ndani ya kizazi, mkubwa kati yake ukiwa na sentimita tano. Wakamwanzishia vidonge vya homoni. Akatoka jeshini mwaka uliofuata akiwa bado anavimeza.

Hakudai chochote wakati wa kutoka. Mwanajeshi anaweza kufungua dai kati ya siku 180 na 90 kabla ya kuachiliwa, na akifungua ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku inayofuata ile aliyotoka. R. alijua. Ila aliona aibu. "Ningeandika nini, dada? Kwamba ninatoka damu? Nani hatoki damu?"

Dai la kwanza na jinsi lilivyokufa

Julai 2021, akiwa anafanya kazi ya kuhudumia wazee na kuanguka mara mbili bafuni, alijaza fomu ya dai la fidia, 21-526EZ, mwenyewe akifuata orodha aliyotumiwa na rafiki. Aliandika magonjwa tisa. Ya mgongo na magoti nayaacha. Yanayotuhusu yalikuwa manne: selimundu, upungufu wa damu, "matatizo ya hedhi, ugonjwa wa Ghuba", na mwisho kabisa, faibroidi.

Nieleze fikra iliyokuwa nyuma ya orodha hiyo, maana haikuwa ya kijinga. Kanuni kuhusu waliotumikia eneo la Ghuba zina orodha ya dalili zinazoweza kufidiwa bila mtu kuthibitisha chanzo chake, na matatizo ya hedhi yamo. Rafiki aliliona hilo. Ipo pia orodha ya magonjwa sugu yanayochukuliwa kuwa yalianza jeshini yakijitokeza ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, na neno anemia limo. Rafiki aliliona na hilo pia. Asichokiona ni maneno ya pembeni. Ile ya Ghuba inahusu ugonjwa usiotambulika. Ukishakuwa na jina la ugonjwa linaloeleza dalili zako, na faibroidi ni jina hilo, mlango unajifunga. Nayo anemia ya orodha ya pili ni ile ya msingi, ya damu yenyewe, wala si ile inayotokana na kuvuja.

Selimundu nayo ilikuwa na neno lake. Jedwali la ulemavu, ambalo VA hulitumia kupima ulemavu kwa asilimia, linasema wazi kwamba kubeba kinasaba peke yake, bila madhara yaliyothibitishwa kutokana nacho, si ulemavu wa kukadiriwa. Kuliweka juu ya orodha kulifanya jambo baya kuliko kukataliwa: kulimwonyesha mtahini, yaani anayempima mwombaji kwa ajili ya VA, njia ya kupotelea. Kwenye ripoti yake aliandika kuwa uchovu wa R. "huenda unahusiana na hali yake ya kurithi ya damu".

Uchunguzi wenyewe ulifanyika Januari 2022, na kampuni ya nje iliyopewa kazi hiyo, na mtahini alikuwa mwanamume. Ripoti ilipofika mikononi mwangu niliisoma mara mbili. Mstari wa kwanza wa maelezo ya mgonjwa ulisema: mwombaji anaripoti kuwa anaendelea vizuri.

Nikamuuliza, "R., ulimwambia unaendelea vizuri?"

"Aliniuliza habari yako. Nikamwambia nzuri, namshukuru Mungu."

Hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mtu amelala hospitalini na dripu mkononi, ukimjulia hali atasema hajambo, kisha baada ya sijambo ndipo utasikia anaumwa wapi. Yule bwana hakungoja sehemu ya pili ya salamu. Alipomuuliza kuhusu hedhi, R. alitazama sakafu akasema "kawaida tu", kwa sababu mbele ya mwanamume asiyemjua, tena wa umri wa baba yake, neno jingine halikumtoka. Hakujua kuwa kwa uchunguzi wa aina hii alikuwa na haki ya kuomba mtahini wa kike.

Uamuzi ulitoka Juni 2022. Selimundu, hapana. Hedhi kama ugonjwa wa Ghuba, hapana, kwa kuwa kuna ugonjwa unaojulikana. Anemia, hapana. Faibroidi, hapana, kwa maoni ya mtahini kwamba uvimbe huo ni wa kawaida sana kwa wanawake weusi na haukusababishwa na kazi ya jeshi.

Miezi miwili baadaye damu ya R. ilishuka hadi 6.8, akaongezwa chupa mbili. Oktoba 2022 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, kizazi kikatolewa chote, ovari zikaachwa. Alikuwa na miaka 32 na mtoto mmoja. Majibu ya maabara yakathibitisha kuwa uvimbe haukuwa saratani. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi, ingawa kwa upande wa fidia majibu hayo yalifunga njia moja: sheria ya PACT ya mwaka 2022 inawabeba waliotumikia Ghuba wakapata saratani za viungo vya uzazi, na faibroidi haimo.

Siku aliyokuja

Alifika Machi 2023 na mfuko wa plastiki wa dukani, umejaa karatasi zilizokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na nakala ya kumbukumbu za zahanati ya meli, aliyopewa alipokuwa akihama kituo. Faili lililosomwa na mtahini halikuwa na kurasa hizo. Yeye hakujua zina thamani. Alizihifadhi kwa tabia ya mtu aliyekulia mahali ambapo ukipoteza risiti umejipoteza wewe.

Jambo la kwanza nililotazama lilikuwa kalenda. Uamuzi ulikuwa wa Juni 2022, kwa hiyo tulikuwa na miezi mitatu hivi kabla ya mwaka kutimia. Ndani ya mwaka huo, mtu akiuendeleza uamuzi kwa njia yoyote kati ya tatu zilizopo tangu Februari 2019, tarehe ya dai la awali inabaki hai. Akipitisha, kwa kawaida anaanza upya na malipo yanahesabiwa kuanzia siku ya dai jipya. Siku hiyo hiyo, kabla hajamaliza chai, tulituma fomu 21-0966 ya kutangaza nia ya kudai, kwa ajili ya lolote jipya tutakalodai ambalo halikuwemo mwaka 2021.

Maamuzi tuliyofanya, na kwa nini

Njia zenyewe zilikuwa dai la nyongeza, mapitio ya afisa wa ngazi ya juu, au kwenda Bodi ya Rufaa. Mapitio yalinivutia sana, kwa sababu maoni ya mtahini yalikuwa na kosa la kisheria lililo wazi kama mchana. Sheria haikuuliza kama jeshi lilisababisha uvimbe. Inauliza kama ugonjwa ulianza, au ulizidi, wakati wa utumishi. Baharia akipata kisukari akiwa kazini, hakuna anayemdai athibitishe kuwa meli ndiyo iliyompa kisukari. Kwamba faibroidi huwapata wanawake weusi zaidi na mapema zaidi ni kweli kitabibu, na hakugusi swali hata kidogo. Tena, kwa kuwa vipimo vya kuingilia havikuonyesha kasoro, sheria inamchukulia R. kuwa aliingia mzima.

Lakini mapitio hayapokei ushahidi mpya, na sisi tulikuwa na mfuko wa plastiki. Tukachagua dai la nyongeza.

Kisha ukaja mjadala mgumu kuliko yote: kupunguza orodha. Selimundu aliiachia bila ubishi. Anemia aliing'ang'ania.

"Dada, damu ndiyo iliyoniangusha bafuni. Damu ndiyo niliyoongezwa. Leo unaniambia niiache?"

Nilimfungulia jedwali tukasoma pamoja. Sehemu ya magonjwa ya damu iliandikwa upya kuanzia 9 Desemba 2018. Kabla ya hapo, anemia ilikadiriwa kwa namba: damu ikiwa 10 au chini na dalili zake, asilimia fulani, ikishuka zaidi, asilimia zaidi. Maandishi mengi mtandaoni bado yananukuu jedwali hilo la zamani, na R. alikuwa ameshapiga hesabu yake kwa 6.8. Jedwali jipya linatazama matibabu: anayetumia vidonge vya chuma mfululizo, au anayewekewa chuma kwa dripu mara moja hadi tatu kwa mwaka, ni asilimia 10; mara nne au zaidi ni 30. Chini yake kuna tanbihi ambayo kwa dai la R. ilikuwa kila kitu: upungufu wa chuma unaotokana na kuvuja damu usikadiriwe hapa, ukadiriwe kwa vigezo vya ugonjwa unaosababisha huko kuvuja.

Basi damu haina fungu lake. Haitupwi, inarudishwa nyumbani kwake, kwenye kizazi. Nikamwonyesha na faida ya kuirudisha huko. Magonjwa ya kizazi hukadiriwa hivi: dalili zisizohitaji matibabu ya kudumu, 0, zinazohitaji matibabu ya kudumu, 10, zisizodhibitika hata kwa matibabu ya kudumu, 30. Sasa nini kinathibitisha vizuri zaidi kwamba hazikudhibitika kuliko mwanamke anayemeza homoni kila siku na damu yake inasoma 6.8? Ile namba iliyokuwa ikisimama peke yake kama dai dhaifu ikawa shahidi wa dai imara. R. alikaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe ni ugonjwa mmoja." Nikamwambia ndiyo, na tutauandika hivyo, kama habari ya ugonjwa mmoja tangu kwenye ngazi za meli hadi kitanda cha upasuaji.

Ushahidi tuliopeleka ulikuwa na kurasa za zahanati ya meli, kipimo cha 2017, rekodi za kuongezwa damu, ripoti ya upasuaji, na maelezo ya yule mwenzake wa kitanda cha juu kwenye fomu 21-10210. Nilimwomba mwenzake asitaje jina la ugonjwa wowote. Mtu asiye daktari hawezi kushuhudia faibroidi, ila anaweza kushuhudia alichokiona na kukisikia. Aliandika ukurasa mmoja: sweta kiunoni wakati wa joto, R. kusimama katikati ya ngazi, na barafu. Barafu aliitaja mara nne. Ni dhahiri hakuwa amemsamehe.

Barua ya daktari ilitutesa. Ya kwanza ilisema faibroidi "huenda zilikuwepo" wakati wa utumishi. Neno huenda halina uzito wowote hapa. Kipimo cha sheria ni uwezekano wa nusu kwa nusu au zaidi, na daktari aseme amesoma rekodi zipi na amefikaje huko. Tulimpelekea kurasa za meli na swali moja tu, bila kumwandikia jibu. Barua ya pili ilikuwa na aya tatu, na aya ya kati ilieleza kwa lugha nyepesi kwamba hedhi nzito mpya, damu 8.9 na hamu ya barafu mwaka 2016, kisha faibroidi za sentimita tano mwaka 2017, ni mwendo wa ugonjwa ule ule mmoja.

Pamoja na hayo tulifungua dai jipya la kovu. Mshono wa tumbo ulikuwa ukimwuma kila akifunga mkanda wa gari.

Tukafanya mazoezi ya salamu pia. Naona aibu kuandika hivyo, lakini tulifanya. Nilimuuliza habari yako, akajibu nzuri. Tukarudia. Mara ya tano alisema, "Leo siyo mbaya, lakini nieleze siku mbaya ikoje," akaeleza. Na tukaomba mtahini wa kike.

Matokeo

Uchunguzi wa pili ulifanyika Septemba 2023 na uamuzi ukatoka Februari 2024. Faibroidi zilikubaliwa kuwa zilianza kwenye utumishi, kuanzia Julai 2021, tarehe ya dai la kwanza. Kwa miezi mitatu baada ya kizazi kutolewa alipewa asilimia 100, kama jedwali linavyosema, kisha 30 kuanzia hapo. Kovu lenye maumivu lilipata 10 kuanzia Machi 2023, siku ya chai. Na ile nyongeza maalumu ya kila mwezi kwa aliyepoteza kiungo cha uzazi, ambayo kwa viwango vya 2025 ilikuwa dola 136.06, ilitolewa bila sisi kuikumbusha. Nilikuwa nimejiandaa kuipigania, ikaja yenyewe. Sifa kwa afisa aliyefanya kazi yake.

Hesabu ya kujumlisha humchanganya kila mtu, kwa hiyo niiseme. Asilimia 30 inatolewa kwenye mwili mzima, zinabaki 70. Asilimia 10 ya kovu inatolewa kwenye hizo 70, yaani 7. Jumla ni 37, inasogezwa hadi 40. Kwa viwango vya 2025, asiye na mtegemezi alilipwa dola 774.16 kwa mwezi, bila kodi, na mwenye mtoto kama R. huongezewa kitu, maana nyongeza ya wategemezi huanzia asilimia 30.

Kilichobaki ni kipindi cha kabla ya upasuaji, Julai 2021 hadi Oktoba 2022. Hapo walitoa 10, wakisema alikuwa kwenye matibabu ya kudumu. Sasa ushahidi wote ulikuwa ndani, na ubishi ulikuwa wa kusoma tu. Zamu ya mapitio ya ngazi ya juu ikafika. Tuliyaomba Aprili 2024 pamoja na mazungumzo ya simu na afisa. Nilizungumza dakika nane. Nilimwomba afungue ukurasa wa Agosti 2022 asome kwa sauti namba ya damu, kisha orodha ya dawa za siku hiyo. Akasoma. Agosti tukapata 30 kwa kipindi chote. Asilimia 10 kwa viwango vya 2025 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi na 30 ilikuwa 537.42, kwa hiyo miezi kumi na tano ya tofauti si haba.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa zaidi ni kuiacha anemia isimame kwenye kivuli cha kizazi. Najua wenzangu wanaodai vyote viwili wakitumaini kimoja kitapita. Kanuni inakataza kulipa dalili moja mara mbili, na afisa anayeona mtu anadai mara mbili huanza kusoma kwa jicho jingine. Ningekuwa na mteja ambaye upungufu wake wa chuma una chanzo kingine, labda tumbo kushindwa kunyonya madini, ningefanya kinyume kabisa na kuudai peke yake. Kwa R. rekodi zote zilielekeza damu kwenye hedhi.

La pili ni tarehe. Angekuja Julai badala ya Machi, ushahidi ule ule ungeshinda, lakini miezi kumi na tano ya kabla ya upasuaji ingeweza kupotea, na miezi mitatu ya asilimia 100 pia. Kwenye aina hii ya madai upasuaji mara nyingi hutokea katikati ya mchakato, na watu husubiri wapone ndipo waendelee na makaratasi. Kizazi kinatolewa, na saa ya mwaka mmoja haisimami kumngoja mgonjwa.

Maelezo ya shahidi yalifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Uamuzi uliyataja kwa jina la fomu na kuyaita ya kuaminika, na nadhani ni kwa sababu hayakujaribu kuwa ya kidaktari.

Barua ya kwanza ya daktari ilikuwa kosa langu. Nilimtuma R. aiombe kwa mdomo, bila kurasa za meli mkononi. Daktari aliandika alichoweza kuandika mtu asiyeonyeshwa kitu. Tulipoteza wiki tano, na tarehe ya mwisho ilikuwa Juni.

Kosa kubwa zaidi ni jingine. Machi 2023, R. alipokuwa akinieleza kuhusu upasuaji, alisema hajaingia chumba cha mtoto wa dada yake tangu azaliwe. Alisema kwa kupita, kama anayetaja hali ya hewa. Nilimuuliza kama angependa tudai pia huzuni kama athari ya ugonjwa ule, kwa kuwa kanuni zinaruhusu ugonjwa uliozaliwa na ugonjwa uliokwishakubaliwa. Akasema yeye si kichaa. Nikaacha. Nilijiambia namheshimu, na kweli nilimheshimu, lakini nilikuwa pia na haraka ya makaratasi mengine. Ningeweza kumweleza kwamba fomu ya kutangaza nia haimlazimishi kudai chochote na inampa mwaka mzima wa kufikiri. Ningeweza kumwambia kwamba tumeshaituma, kwa hiyo hata hilo la huzuni lingepata tarehe hiyo likidaiwa pamoja na kovu. Sikumwambia, na dai la kovu likaenda bila hilo.

Juzi alipiga simu mwenyewe. Alikuwa kwenye gari, nje ya nyumba ya dada yake, injini ikiwaka. Aliniuliza ile fomu ya kutangaza nia inaitwaje tena. Nikamtajia namba, tukaijaza kwenye simu, yeye akisoma na mimi nikiandika. Penye tarehe tukaandika ya siku hiyo.